Mjomba alitoka kwenye kundi la familia Aprili 2020 kwa sababu yangu. Namwanzaje?

Mjuaji Mstaafu (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Naomba msome mpaka mwisho kabla ya kunipiga mawe. Mawe yenyewe nitawaokotea.

Wiki iliyopita nilikuwa nahamisha vitu kutoka kwenye simu yangu ya zamani, ile iliyopasuka kioo, ambayo haiwaki mpaka iwe kwenye chaji. Nilikuwa natafuta picha tu. Nikajikuta nimekaa sakafuni pembeni ya soketi, saa tatu nzima, nasoma kundi letu la familia la WhatsApp kuanzia Machi mpaka Juni 2020.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona sasa ni janga la dunia, na kabla mwezi haujaisha, kundi ambalo miaka yote lilikuwa la salamu za sikukuu na picha za watoto lilikuwa limegeuka gazeti lisilo na mhariri. Unaamka unakuta jumbe 140. Shangazi katuma sauti ya daktari asiye na jina, dakika sita, anahema. Binamu katuma video ya watu wanawapigia makofi wahudumu wa afya kutoka madirishani. Mwingine anauliza kama sabuni ya kufulia nayo inaua. Baba kila jioni aliandika neno moja tu, "Nimenawa", kama mlinzi anayesaini daftari la zamu. Tuliambiwa sekunde 20, na baba ni mtu wa kufuata maagizo. Alikuwa anahesabu kwa sauti, nyumba nzima inasikia.

Mimi nikajipa kazi. Hakuna aliyeniomba. Kila uzushi ukiingia, naunukuu, naweka alama nyekundu ya kosa mbele ya kila pointi, halafu chini naweka kiungo. Niseme ukweli, nilikuwa naona raha. Kazi zilikuwa zimesimama, barabarani kimya, siku hazitofautiani, lakini humo kundini nilikuwa na cheo.

Tarehe 9 Aprili, saa 4 usiku, Mjomba akatuma ule ujumbe. Huyu ni kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyenifundisha baiskeli. Ujumbe wenyewe naamini wengi humu uliwafikia: shika pumzi sekunde 10, usipokohoa huna korona, kunywa maji kila dakika 15 ili kirusi kishuke tumboni kikafie huko, kirusi hakiwezi joto, hufa kwenye nyuzi 27, kula kitunguu saumu, na mengine ya namna hiyo. Pointi tisa. Juu vile vishale viwili vya kuonyesha kwamba umeshapita kwa watu wengi. Chini kabisa akaongeza ya kwake: "10. Na mimi naongezea. Fungueni madirisha hewa ipite."

Nilijibu baada ya dakika saba, muda upo pale. Naandika hapa nilichoandika kule, maana nikikifupisha nitakuwa najipendelea: "Mjomba, mwili wako una nyuzi 37. Kama kinakufa kwenye 27, kimekuingiaje? Tuwe tunasoma kabla ya kusambaza." Kisha pointi kumi na alama nyekundu kumi. Kumi, wakuu. Na ya madirisha nikaipiga, nikaisindikiza na picha ya tangazo la Shirika la Afya Duniani la tarehe 28 Machi lililosema kwamba korona haisambai kwa njia ya hewa.

Binamu watatu wakaweka vile vikatuni vinavyocheka mpaka machozi. Saa 4 na dakika 31 ukaja ule mstari mdogo wa kijivu. Mjomba ametoka.

Hajarudi mpaka leo. Kwenye shughuli tunaonana, ananiitikia salamu, anauliza kazi inaendaje, basi, anahamia kwa mwingine. Zamani alikuwa ananipigia bila sababu yoyote, hata kunieleza tu kwamba kaona ndege wa ajabu.

Sasa nimeusoma ule ujumbe upya. Zile tisa zilikuwa uzushi na sibadilishi hata neno. Ya kumi, ile pekee aliyoitoa kichwani mwake, ndiyo pekee iliyokuwa sahihi. Nami niliipiga alama nyekundu kama zile nyingine.

Namwanzaje? Nimewaza kumwandikia ujumbe mrefu, niambatishe picha ya ule wa zamani pamoja na taarifa za baadaye zilizokubali kwamba kirusi kinaenea hewani, kila moja na tarehe yake, ili aone nakiri kosa kwa ushahidi. Au nitakuwa namtonesha kidonda kilichopona?

---

Mtu wa Pili

Ulimsahihisha kwa viungo na tarehe, akaondoka. Sasa unataka kumwomba radhi kwa viungo na tarehe.

Haya mkuu, endelea.

---

Mjuaji Mstaafu

Imenipata.

---

Zamu ya Usiku

Miezi ile nilikuwa wodini, zamu za usiku mfululizo, na hili jina limeanzia huko.

Nianze na la kitaalamu ili mtu asije akachukua hilo neno "hewani" akaenda nalo kokote. Wakati ule vichwani mwetu kulikuwa na mafungu mawili. Kuna magonjwa ya matone: mtu anakohoa, matone yanaruka, yanaanguka chini ndani ya mita moja au mbili. Halafu kuna magonjwa ya hewa, kama surua na kifua kikuu, ambayo chembe zake ni ndogo kiasi cha kuelea chumbani hata mwenyewe akiwa ameshatoka. Korona iliwekwa kwenye fungu la kwanza. Ndiyo maana tulikazania mita moja, kunawa na kufuta vitasa kutwa kucha, na madirisha yakabaki ni jambo la mtu kujipunguzia joto.

Lakini dalili zilishaanza kuonekana. Tarehe 10 Machi 2020 kwaya moja katika jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61, mmoja wao ana dalili kama za mafua. Walipokuja kuhesabiwa, walioambukizwa kwa hakika na waliodhaniwa, pamoja na huyo mmoja, wakafika 53. Wawili walifariki. Kitasa gani hicho kingewafikia watu wote hao kwa jioni moja? Walikuwa wanaimba kwenye ukumbi mmoja na kuvuta hewa ileile. Julai mwaka huohuo wanasayansi 239 wakaandika barua ya wazi kutaka suala la hewa lizingatiwe, na Shirika la Afya Duniani likaja kuliweka bayana kwenye maelezo yake kwa umma mwaka uliofuata.

Kwa hiyo Mjomba aliwatangulia wengi, hata kama hakujua kwa nini. Ila na wewe usijitwike gunia lote. Ile picha ya tarehe 28 hukuitunga. Sisi wenyewe maelekezo ya asubuhi tulikuwa tunayakuta yamebadilishwa jioni, na karatasi mpya imebandikwa juu ya ile ya zamani hata gundi haijakauka.

Nikupe moja la kwangu. Nikitoka zamu nilikuwa nakaa kwenye ngazi, sijavua hata viatu, nafungua simu. Kwenye kundi letu naye alikuwepo mjomba wa namna hiyo. Maji ya moto, ndimu, yote hayo. Sikumsahihisha hata siku moja, na mimi ndiye niliyesomea. Usiku kucha nilikuwa nimewaambia watu ukweli, asubuhi nguvu sina. Halafu ujumbe wake ndio pekee ulioanza na "Umeamkaje mwanangu". Nilikuwa nasoma mstari huo tu.

---

Bibi wa Simu Mpya

Mwanangu Mjuaji, huyo mjomba wako alikuwa mimi.

Nina miaka 71. Simu hii nilinunuliwa na wajukuu mwaka huohuo ili wanione kwa video. Kuonana kwenyewe, wao waliona paji la uso wangu, mimi niliona dari lao. Tukijikusanya wote kwenye ule mkutano wa Zoom wa bure, dakika 40 zikifika unakatika, na kila mara ulikatika nikiwa ndiyo kwanza nimepata zamu ya kusema.

Nilikuwa nasambaza kila kitu. Mnadhani tulikuwa tunasadiki yote? Baadhi, ndiyo. Hilo la nyuzi 27 mimi pia lilinishangaza. Lakini utamwandikia nini mtu kila siku na hakuna kinachotokea? "Leo nimekaa." Jana nilikaa, na kesho nitakaa. Basi kikija kitu cha kitunguu saumu unashukuru Mungu, unakituma, unasubiri zile tiki mbili zigeuke buluu. Zikigeuka unajua fulani yu mzima, ameamka, ameshika simu. Zisipogeuka mpaka saa 5 unaanza kuzunguka chumbani.

Mwezi wa nne simu ikaanza kunikatalia. Ujumbe wenye vishale viwili ukawa hauendi ila kwa mtu mmoja mmoja. Nikajua imeharibika, nikampigia mjukuu. Akanieleza ndivyo walivyoamua wenye WhatsApp kupunguza uzushi. Sawa. Nikatuma kwa mmoja mmoja, watu 23. Asubuhi yote ikaishia hapo, na nakwambia nilifurahi kupata kazi.

Saa 4 usiku mjomba wako hakuwa anafundisha udaktari. Alikuwa macho.

Mpigie. Usimwandikie. Na korona usiitaje wewe, mwache aitaje yeye akitaka.

---

Mjuaji Mstaafu

Bibi, shikamoo. Nimesoma mara mbili, ya pili nimemsomea mama.

Na kwa kuwa tayari nimevua nguo hadharani, niongeze la mama mwenyewe. Machi ile alitoa cherehani yake, akaanza kukata mashuka ya zamani ashone barakoa. Nikamzuia. Nilikuwa na kiungo, bila shaka. Maelekezo ya wakati huo yalisema barakoa ni za wagonjwa na wanaowahudumia, na hofu kubwa ilikuwa zisije zikawaishia wahudumu wa hospitali. Nikamwambia "mama unaharibu mashuka". Akayakunja, akayarudisha kabatini. Hakubisha.

Tarehe 5 Juni ushauri ukabadilika: watu wote, mahali ambapo huwezi kukaa mbali na mwenzako, wavae za kitambaa, tabaka tatu. Asubuhi yake nikakuta mezani barakoa 14 zimepigwa pasi. Alikuwa anashona mchana nikiwa nimejifungia kwenye mikutano ya video. Na kilichoniumiza zaidi, sauti ya cherehani nilikuwa naisikia. Nilishawahi kufungua mlango nikamwomba apunguze kelele, wenzangu wanashindwa kunisikia. Sikujiuliza anashona nini.

Hakuniambia "nilikwambia". Mimi nilisema asante, samahani sikusema.

Na Zamu ya Usiku, umetaja vitasa. Mwenzenu nilisoma kwamba maabara walikuta kirusi bado kizima kwenye plastiki baada ya saa 72, na kwenye boksi la karatasi saa 24. Nikatunga sheria ya nyumba. Kila mzigo unakaa nje ya mlango siku tatu, nimeubandika karatasi yenye saa ulipofika. Baba aliisubiri miwani yake mipya siku tatu, anaiona pale kwenye boksi, haoni vizuri.

---

Zamu ya Usiku

Umenichekesha, samahani kwa mzee. Ule utafiti ulikuwa wa kweli, ila kukikuta kirusi kwenye plastiki maabara si sawa na mtu kuugua kwa kushika bahasha. Tulikuja kuambiwa baadaye kwamba njia hiyo huambukiza kwa nadra sana. Mikono endeleeni kunawa, kuna magonjwa mengine kibao.

---

Kimya Kingi

Nitasema kitu ambacho hamjakigusa.

Mimi nami nilitoka kwenye kundi la familia, Mei 2020. Mpaka leo kuna ndugu yangu anaamini ni kwa ajili yake, kwa sababu asubuhi ya siku hiyo tulibishana. Hahusiki. Siku hiyo taarifa ya msiba ilikaa katikati ya video mbili za kuchekesha. Aliyetuma ya pili hakuwa amepandisha juu kusoma, simlaumu. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, waliozika hawakuzidi kumi, na aliyeshika simu mkono ulikuwa unatetemeka hivyo muda mwingi tuliona udongo na viatu. Kundi likaendelea kulia tu, pole, pole, pole, katikati yake na kiungo cha jinsi ya kutengeneza kitakasa mikono nyumbani. Nikatoka. Sikugombana na mtu yeyote.

Nimepiga hesabu yako. Ulimjibu saa 4 na dakika 7, yeye katoka na dakika 31. Dakika 24. Mwenye hasira hasubiri hivyo.

Sisemi hukumuudhi. Nasema hujui.

---

Mtu wa Pili

Dakika 24 alikuwa anatafuta pa kubonyeza atoke.

---

Bibi wa Simu Mpya

Wewe Mtu wa Pili una ulimi, lakini hapo umesema kweli. Mimi hata leo nikiambiwa nitoke sijui pa kushika.

---

Mjuaji Mstaafu

Mrejesho.

Nilipiga Jumamosi saa 10 jioni. Nilikuwa nimeandika sentensi tatu kwenye karatasi, nimeishika mkononi.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba. Kuna nini?"

Sauti ya mtu aliyejiandaa kupokea msiba. Miaka yote hiyo sikuwahi kumpigia bila jambo. Nikasema hakuna kitu, nimepiga tu. Akanyamaza. Nikasikia anavuta kiti.

Halafu akaanza. Goti. Paa linalovuja upande wa jikoni. Mbwa wa jirani ambaye amemzoea kuliko mwenyewe. Tuliongea dakika 52, na mimi sehemu yangu labda ilikuwa tano. Bibi, sikutaja korona, nilikutii.

Alitaja yeye. Alikuwa ananieleza habari za simu zake, ipi ilikaa na chaji, ipi ilimtesa, akafika kwenye ile ya 2020. "Ile ilijaa, ikabidi nitoke kwenye makundi yote."

Nikauliza, "Yote?"

"Yote," akasema, haraka kidogo. Nikaacha ibaki hivyo.

Lakini roho haikutulia, nikamwambia. Mjomba, siku ile uliandika tufungue madirisha, mimi nikasema si kweli. Ulikuwa sahihi, na namna nilivyokujibu haikuwa ya kumjibu mjomba. Nisamehe. Karatasi nilikuwa nimeshaikunja, maneno yakatoka tofauti kabisa na niliyoandika.

"Madirisha gani?"

Nikaanza kueleza upya, pointi ya kumi, usiku ule. Akaanza kucheka katikati ya maelezo, kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi. Akasema aliandika vile kwa sababu nyumba nzima ilikuwa inanuka kitunguu saumu, wamekula siku tatu mfululizo, na mkewe alikuwa amekataa kulala chumba kimoja naye.

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa au alikuwa ananifungulia mlango nipite. Nimeacha kutafuta.

Kisha akasema, "Ila ile ya kushika pumzi, hiyo mimi bado naifanya. Kila asubuhi kabla sijatoka kitandani. Sasa nimefika sekunde 48."

Wakuu, jibu lilinijia lote, limekamilika, na kiungo chake. Nililimeza.

"Jaribu na wewe," akasema, "mimi nakuhesabia." Na akahesabu kweli, kwenye simu, kwa sauti, taratibu kama alivyokuwa akinihesabia mizunguko ya baiskeli.

Nilifika 31.